Umepiga Windows upya na kibodi imeanza kuandika vingine? Soma hii kabla hujanunua kibodi mpya

Mtu akiniambia "fundi, nimepiga Windows mpya kibodi ikafa", swali langu la kwanza huwa moja tu: imekufa, au inaandika vitu vingine? Hizo kesi mbili hazifanani hata kidogo, na hela zake pia hazifanani.

Kuna mama mmoja mwalimu aliniletea laptopu yake ya mtumba kaibana kwapani kama kuku mgonjwa. "Mwanangu, hii mashine imerogwa, nabonyeza at (@) inanipa funga semi." Huko alikopigiwa Windows walishamwambia kibodi imeungua anunue nyingine. Nikaenda kwenye setingi, nikaongeza kibodi ya Uingereza nikaondoa ya Marekani, nikamrudishia. Kabla chai haijapoa alikuwa anaandika imeili yake.

Sasa elewa kitu kimoja, ukikishika hiki mengine yote yatakuwa mepesi. Kitufe hakitumi herufi. Kinatuma namba ya pale kilipo, basi, na Windows ndo inaamua namba hiyo isomwe herufi gani. Kilichochapwa juu ya kitufe ni rangi tu, kompyuta haikioni. Kwaiyo Windows ya zamani ilikuwa imeshawekwa sawa na kibodi yako miaka hiyo, we ukaifuta yote, na ile mpya ilipokuuliza mwanzoni kabisa kwenye "Keyboard or input method" ukabonyeza Next bila kusoma kama tunavyofanya wote, ikachukua ya Marekani. Tangu Oktoba 2025 Microsoft walipoacha kuihudumia Windows 10 watu wanapiga 11 kila kona, na laptopu nyingi mikononi mwetu ni mitumba ya Ulaya, ndo maana tatizo hili halikauki.

Kwanza jua kibodi yako ni ya wapi

Usiangalie herufi kwanza, angalia Enter. Ikiwa imelala, nyembamba ya mstari mmoja, hiyo ni umbo la Marekani. Ikiwa ndefu ya mistari miwili, juu pana chini nyembamba kama buti lililopinduliwa, hiyo ni ya Ulaya. Hakikisha na Shift ya kushoto: ya Marekani ni ndefu inafika mpaka Z, ya Ulaya ni fupi na kuna kitufe cha ziada kimejibana kati yake na herufi ya kwanza ya mstari ule.

Halafu ndo usome maandishi. Juu ya 3 kuna £? Uingereza. Mstari wa juu unaanza QWERTZ na kuna ü ö ä? Ujerumani. Unaanza AZERTY? Ufaransa au Ubelgiji.

Kwa nini nasema Enter kwanza? Kwa sababu laptopu za Ujerumani zikifika huku zinabandikwa stika za QWERTY ziuzike, nyingine vitufe vinang'olewa na kuhamishwa, we unaona Y iko mahali pake kumbe chini ya stika ni Z. Stika inadanganya, Enter haidanganyi.

Majaribio yote fanyia Notepad, usijaribie kwenye sehemu ya paswedi ambako unaona vidoti tu.

Dalili: @ na " zimebadilishana, £ inatoka #, alama nyingine hazionekani

Hii ndo inayoongoza. Herufi zote ziko sawa, namba sawa, alama tu ndo zimechanganyikiwa.

Sababu ya kwanza, na mara nyingi inaishia hapa: kibodi ya Uingereza na Windows inasoma Kimarekani, au kinyume chake. Kwenye mpangilio wa Marekani Shift na 2 ni @, Shift na 3 ni #. Kwenye wa Uingereza Shift na 2 ni ", Shift na 3 ni £, na @ iko kule karibu na Enter. Anza na rahisi: shika kitufe cha Windows, gonga kitufe cha nafasi (space) mara moja. Kama mipangilio yote miwili imo itahama, jaribu tena alama zako. Ikikubali basi hujafika hata kwenye setingi.

Isipohama, ingia Settings, halafu Time & language, halafu Language & region. Pembeni ya lugha yako kuna vidoti vitatu, bonyeza, chagua Language options, shuka mpaka Keyboards, Add a keyboard, chagua inayolingana na umbo uliloliona. Windows 10 njia ni ileile ila badala ya vidoti unabonyeza lugha yenyewe kisha Options. ONGEZA KWANZA NDO UONDOE, maana ikibaki moja tu Windows haikubali kuiondoa. Na usihangaike kubadilisha lugha ya kompyuta nzima, lugha ni kitu kingine na kibodi ni kitu kingine, unaweza kuwa na Kiingereza cha Marekani na kibodi ya Uingereza wakakaa pamoja bila ugomvi.

Sababu ya pili, mipangilio ipo miwili na unahama bila kujua. Kwenye kompyuta nyingi ukibonyeza Alt ya kushoto na Shift pamoja inahama, na mtu anayeandika kwa kasi anazigusa mara kibao kwa siku. Huyu ndo yule anayekwambia "asubuhi ilikuwa nzima, mchana ikaharibika, jioni ikapona yenyewe". Angalia chini kulia karibu na saa, ukiona ENG US inageuka ENG UK ushampata mwizi. Ondoa usiyoitumia. Na ujue kila lugha unayoongeza inakuja na kibodi yake, hata kama uliiongeza kwa sababu nyingine kabisa.

Sababu ya tatu ni nadra ila inakera: mpangilio umeuondoa lakini unarudi, tena kwenye orodha ya setingi haumo wakati kwenye Windows na nafasi unauona. Dawa inaonekana ya kijinga lakini inafanya kazi mara nyingi: uongeze tena kwa mkono kana kwamba unautaka, zima uwashe, halafu uondoe. Ukigoma hata hapo kinachobaki ni kuingia rejista, yaani ghala la ndani Windows inakohifadhi setingi zake, kwenye HKEY_USERS, .DEFAULT, Keyboard Layout, Preload, ambako 00000409 ni Marekani na 00000809 ni Uingereza. Kama hujawahi kugusa rejista usianzie hapa leo, tafuta anayejua, maana ukifuta kisichokuhusu utapiga Windows mara ya pili wiki hii.

Kabla sijatoka hapa, kuna mtego mmoja. Ukiwa na kibodi ya umbo la Marekani ukaweka mpangilio wa Uingereza, alama za \ na | zinapotea kabisa, hutazipata popote, kwa sababu Uingereza wameziweka kwenye kile kitufe cha ziada pembeni ya Shift ambacho we huna. Dogo mmoja anajifunza kuandika programu alikaa siku mbili ananakili | kutoka intaneti na kuibandika moja moja kila anapoihitaji. Siku mbili! Ukihitaji alama kwa dharura na una namba za pembeni, shika Alt andika 64 upate @, 35 upate #, 92 upate \, 124 upate |.

Dalili: ukiandika ng'ombe inatoka ngómbe

Hii nadhani sisi tunaoandika Kiswahili ndo inatutesa kuliko mtu yeyote duniani. Unabonyeza ' hakitokei kitu. Unabonyeza o, inatoka ó. Ng'ang'ania inakuwa ngángánia. Ukifungua semi uandike "Asante, inatoka Äsante. Mtu anadhani kitufe kimelegea anakigonga kwa nguvu.

Sababu ni moja tu kivitendo: imewekwa kibodi inayoitwa United States-International badala ya US ya kawaida. Kwenye orodha zinafuatana, jina linavutia, mtu anaona "International" anasema hii ndo ya huku kwetu. Ile imetengenezwa kwa wanaoandika Kifaransa, Kireno, Kihispania, kwaiyo alama za ' " ` ~ ^ zinasubiri herufi inayofuata ziipande kichwani. Mwingereza anaweza kuishi nayo wiki nzima asijue, maana kwenye don't baada ya ' inakuja t na haina pa kupanda. Sisi baada ya ng' karibu kila mara inakuja irabu, hatuna pa kuponea.

Ya haraka: bonyeza ' halafu nafasi, itatoka yenyewe, endelea. Ya kudumu: njia ileile ya setingi, ongeza US, ondoa United States-International. Kama unaandika na Kifaransa mara mojamoja baki nazo zote uhame kwa Windows na nafasi, ila mi nisingependekeza, utasahau uko wapi.

Dalili: Y na Z zimebadilishana, au A inatoka Q

Y na Z: Ujerumani. A na Q, Z na W, halafu M haipo inapotarajiwa: Ufaransa au Ubelgiji. Sababu ya kawaida ni ileile, umbo na mpangilio havielewani. Hapa swali ni unataka kipi, maana kurudisha mpangilio wa Kijerumani ni kazi ya dakika mbili lakini je unaujua? Kwenye Kijerumani @ ni AltGr (ile Alt ya kulia) na Q. Kama unaandika Kiswahili na Kiingereza tu, ushauri wangu acha US, nunua stika, macho yatazoea.

Kuhamisha vitufe vya Y na Z inawezekana ila kuna vikucha vya plastiki chini vyembamba kama mguu wa nzi, ukivivunja kitufe hakikai tena milele. AZERTY yote usijaribu kuhamisha, vitufe ni vingi mno.

Ndugu zetu wa Bujumbura, Goma na Lubumbashi mliozoea AZERTY, angalizo: ziko mbili. Ya Ufaransa @ iko AltGr na kitufe cha 0, ya Ubelgiji iko AltGr na kitufe cha 2. Kama herufi zote ziko sawa ila @ tu ndo inakukimbia, umechagua nchi ya jirani. Rudi uchague nyingine.

Dalili: paswedi inakataa, na una uhakika nayo

Hapa naomba utulie, maana watu wengi wanapiga Windows tena bila sababu kwa hili.

Caps Lock kwanza, sitachoka kusema. Pili bonyeza kile kijicho pembeni ya sehemu ya paswedi uone unachoandika. Kama unaona " ulipobonyeza @ basi jibu ushalipata. Chini kulia kwenye skrini hiyohiyo kuna herufi za lugha, bonyeza ubadilishe kibodi. Ikishindikana, kwenye alama ya kimtu kuna kibodi ya skrini, hiyo unabonyeza kwa mausi na herufi inayotoka ni ile unayoiona.

Sasa kuna hii inayochanganya watu kupita zote. Ulipokuwa unapiga Windows ulitengeneza paswedi, tuseme Mbuzi@2, kwenye kibodi ya Uingereza iliyokuwa inasomwa Kimarekani. Ukabonyeza kitufe chenye @ lakini kilichohifadhiwa ni Mbuzi"2. Ikawa inafungua kila siku, kwa sababu unakosea vilevile kila siku. Leo umesoma hapa ukarekebisha kibodi, na kesho paswedi inakataa! Haijabadilika, we ndo umeanza kuandika sahihi. Andika ile alama ya kimakosa, ingia, ubadilishe paswedi. Kwaiyo kabla ya kugusa mpangilio wowote, andika paswedi yako Notepad, iangalie ilivyo kweli, kisha uifute.

Kama ndani kibodi iko sawa ila skrini ya kuingilia tu ndo bado ya zamani, hiyo ni kawaida, ile skrini ina mpangilio wake. Ingia Language & region, Administrative language settings, Copy settings, weka tiki kwenye Welcome screen na New user accounts, zima uwashe.

SIMAMA HAPA: ukiona skrini ya bluu inayodai namba 48 za BitLocker, lile kufuli la Windows la diski, usibahatishe na usikubali mtu aifute diski "ili iwake". Hizo namba mara nyingi ziko kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kwenye hiyo kompyuta, zitafute kwa simu. Ukiwa na AZERTY inayokusumbua kwenye namba, F1 mpaka F9 zinaandika 1 mpaka 9 na F10 ni sifuri. Kama namba huna na mafaili unayahitaji, huo si muda wa kujaribujaribu, muone mtu wa kuokoa data kabla hakijaandikwa kitu kingine juu yake.

Dalili: u, i, o, j, k, l zinatoa namba

Si mpangilio, ni Num Lock. Laptopu ndogo za zamani hazina namba za pembeni, kwaiyo zimefichwa ndani ya herufi: u i o ni 4 5 6, j k l ni 1 2 3, m ni 0. Tafuta kitufe kilichoandikwa NumLk kwa rangi nyingine, kishike pamoja na Fn. Imeisha.

Dalili: mwanga, sauti, au F2 na F5 hazifanyi kazi yake

Ukibonyeza F5 inapunguza mwanga badala ya kufanya kazi yake, jaribu Fn na Esc, kwenye Dell na ThinkPad nyingi hiyo ndo inafunga na kufungua Fn. HP nyingi unaingia BIOS (setingi za mashine zinazofunguka kabla Windows haijawaka) unazima Action Keys Mode. Kama vitufe vya mwanga havijibu kabisa, ni draiva za kampuni hazijarudi baada ya kupiga Windows. Chukua kwenye tovuti ya kampuni yenyewe kwa kutumia modeli iliyoandikwa chini ya laptopu, usichukue zile programu za "draiva zote kwa mpigo", zinakuja na takataka zake.

Dalili: kitufe kimoja hakifanyi kitu, na zamani kilikuwa kinafanya

Kwanza kumbuka au umuulize aliyekuuzia: kuna mtu aliwahi kukirekebisha kwa programu? Ni ujanja wa kawaida, kitufe kikifa fundi anahamishia kazi yake kwenye kitufe kingine usichokitumia, inahifadhiwa kwenye rejista, we unauziwa hujui. Ukipiga Windows upya ule ujanja unafutika na ugonjwa wa zamani unarudi. Windows mpya haijaua kitufe, imefunua kaburi.

Kupima: chomeka kibodi ya USB. Ikiandika vizuri kila kitu wakati ya laptopu inaruka herufi zilezile, hapo sasa ni kibodi yenyewe. Kama kibodi zote mbili zinachelewa au inabidi ushikilie kitufe sana ndo kiandike, inawezekana ulikaa na Shift ya kulia kama sekunde 8 ikawaka Filter Keys, izime kwenye Accessibility.

Acha kila kitu uende kwa fundi ukiona haya. Herufi zinajiandika zenyewe, au ilimwagikiwa chai hata kama ni mwezi uliopita: zima, chomoa chaji, usiikaushe kwa moto wala pasi. Na kibodi imenyanyuka katikati kama imevimba, au ile paneli ya kugusa inayofanya kazi ya mausi imepanda na haibonyezeki, hiyo ni betri imevimba chini yake. Usiibonyeze irudi, usichaji, usiitoboe. Hii siyo ya kusubiri mwisho wa mwezi.

Wa Ubuntu na ndugu zake (mnaotumia Linux badala ya Windows)

Kanuni ni ileile. Fungua terminali andika setxkbmap gb kwa Uingereza au setxkbmap us kwa Marekani, kwenye desktopu inayotumia Wayland nenda Settings, Keyboard, Input Sources. Ya kudumu kwa mfumo mzima ni sudo dpkg-reconfigure keyboard-configuration, unajibu maswali. Kama diski umeifunga kwa paswedi inayoulizwa kabla mfumo haujawaka, malizia na sudo update-initramfs -u, la sivyo pale mwanzo itaendelea kusoma kibodi ya zamani, na lile somo la Mbuzi"2 linakuhusu na wewe.

Na kama mwisho wa yote kibodi kweli imekufa unanunua nyingine, usiende na jina la laptopu tu. Ya zamani ifunguliwe, nenda na namba iliyoandikwa mgongoni mwake, na umwambie muuzaji Enter ya kulala au ya kusimama, kwa sababu modeli moja inauzwa na zote mbili na fremu ya juu wakati mwingine haikubali nyingine. Akikupa ya Marekani wakati ulikuwa na ya Uingereza na ikaingia vizuri, sawa, lipa, ila kabla hujatoka dukani fungua Notepad ubonyeze Shift na 2.